Aliyemfanyia ukatili binti wa kaka yangu kakata rufaa Mahakama Kuu Mwanza, je mtoto ataitwa tena?

shangazi_visiwani

Wakuu habari za usiku, naombeni mnisaidie mawazo mana usingizi hauji. Mtoto wa marehemu kaka yangu, binti wa miaka 11, alifanyiwa ukatili na jirani yetu huku kisiwani, mtu tuliyeanika nae dagaa mwalo mmoja miaka na miaka. Sitaandika yaliyotokea, mtoto anakua na iko siku atasoma mwenyewe haya. Kesi ilienda mahakama ya wilaya, mtoto akatoa ushahidi, mama yake akatoa, daktari akatoa, jamaa akapatikana na hatia akapigwa miaka 30, yuko gereza la Butimba. Sisi tukajua yamekwisha, mtoto karudi shule, ameanza hata kuimba kwaya.

Sasa juma lililopita kaja mjomba wake huyo mfungwa, kakaa sebuleni kwetu kabisa, anasema kijana wao kakata rufaa na atatoka muda si mrefu kwasababu mtoto hakuapa, umri haukuthibitishwa na ile PF3, fomu ya polisi ambayo daktari anajaza alichokiona, haikusomwa mahakamani. Na akadai kesi yenyewe ilitungwa sababu ya deni la nyavu kati ya huyo kijana wao na marehemu kaka. Alafu akaweka hela mezani, tuandike barua mtoto aseme alikosea kumtaja, tuyamalize kijirani. Mama wa mtoto kalia mpaka sauti imekauka. Hela tumekataa ila hofu imebaki. Mtoto ataitwa tena kusimama kule mbele ya watu? Na huyu mtu anaweza kuwa nje wakati rufaa inaendelea? Sisi ni watu wa kawaida, wakili hatuna.

mvuvi_igombe

Pole sana dada. Mi kwakweli sielewi kwanini mtu wa kosa kama hili anapewa rufaa, mtoto kasema, daktari kasema, hakimu kasema, sasa nini tena? Hawa wasiruhusiwe kabisa.

karani_mstaafu

Shangazi pole, na mpe pole mama wa mtoto. Nimekaa masjala za mahakama miaka mingi, acha nikwambie linavyokwenda.

Rufaa sio kesi kuanza upya. Jaji wa Mahakama Kuu haiti mashahidi, anapokea jalada kutoka wilayani, anasoma kila neno lililoandikwa siku ile, mtoto alivyojibu, mshtakiwa alivyouliza maswali, hakimu alivyopima. Siku ya kusikilizwa anasimama mrufani kueleza sababu zake, siku hizi mara nyingine anaunganishwa kwa video akiwa hukohuko gerezani, kisha anajibu wakili wa serikali kwa niaba ya Jamhuri, yaani upande wa mashtaka. Inaweza kuisha kabla ya saa sita mchana. Kisha inapangwa tarehe ya hukumu. Mtoto hahitajiki, mama yake hahitajiki, msiwapakie kwenye meli kuwaleta Mwanza kwa ajili ya hilo.

Kuhusu kuwa nje, kukata rufaa peke yake hakumtoi mtu. Anaweza kuomba dhamana akisubiri rufaa lakini kwa mfungwa wa miaka 30 kupewa ni nadra sana, inataka sababu nzito. Jengeni moyo kwamba yupo ndani.

Na hilo la rufaa ni jambo la kawaida mno. Anayetaka kukata anatoa notisi ndani ya siku 10 tangu hukumu, alafu sababu za rufaa ndani ya siku 45, na zile siku za kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi, yaani yote yaliyoandikwa wakati inasikilizwa, hazihesabiwi. Akiwa gerezani anapitishia kwa mkuu wa gereza. Wafungwa wa vifungo virefu karibu wote wanakata, kwaiyo mjomba kusema "kakata rufaa" sio habari kwamba kashinda chochote.

wakili_kando_ya_ziwa

Naongezea kwa karani, amesema vizuri. Nachukua zile hoja za mjomba moja moja mana ndizo zinazotumika karibu kila rufaa ya aina hii, na familia nyingi zinatishwa nazo.

Mtoto hakuapa. Zamani hakimu alikuwa anamhoji mtoto kwanza kupima akili yake na kama anaelewa maana ya kiapo. Mwaka 2016 sheria ya ushahidi ikabadilishwa, mtoto asiyezidi miaka 14 anaruhusiwa kutoa ushahidi bila kiapo lakini LAZIMA kwanza aahidi mahakama kwamba atasema kweli na hatasema uongo. Sasa shida ikaja kwenye kuandika. Hakimu anamuuliza mtoto, mtoto anaahidi, lakini kwenye karatasi panaandikwa tu "mtoto anaelewa wajibu wa kusema kweli", yale maneno ya mtoto mwenyewe hayapo. Mahakama ya Rufani, ile iliyo juu ya Mahakama Kuu, ikiwa Bukoba mwaka 2019 ikaelekeza hata maswali ya kuuliza, una miaka mingapi, dini gani, unaelewa kiapo, unaahidi kusema kweli? Baada ya hapo ushahidi wa watoto wengi ulifutwa kwenye kumbukumbu sababu ya ahadi hiyo kukosekana, na ukifutwa ushahidi wa mtoto kwenye kesi hizi mara nyingi hakibaki kitu. Naungama niliumia kuona kesi zinaanguka hivyo, kosa si la mtoto na si la mama yake. Miaka ya karibuni Mahakama ya Rufani hiyohiyo, ikiwa hapahapa Mwanza mwaka 2022, ikalegeza, ikasema kasoro ya ahadi peke yake isiwe kifo cha kesi kama ukiutazama ushahidi wenyewe unaona mtoto kasema kweli. Kwaiyo hoja ipo lakini haina makali aliyonayo mjomba kichwani. Na kama kwa kesi yenu ahadi imeandikwa basi imekwisha hapohapo.

Umri. Huu ni msingi kweli, mana chini ya miaka 18 hakuna habari ya ridhaa, na chini ya miaka 10 adhabu inapanda kuwa maisha, ndo mana yenu ni 30. Lakini kuthibitisha umri sio lazima cheti cha kuzaliwa. Mzazi akisimama akasema mwanangu kazaliwa tarehe fulani, inatosha, hata ndugu, mwalimu, daktari au mtoto mwenyewe. Je mama yake alitaja umri alipotoa ushahidi? Sio kwenye hati ya mashtaka, kwenye USHAHIDI, kwa mdomo wake.

PF3. Kielelezo kikipokelewa kinatakiwa kisomwe kwa sauti ili mshtakiwa ajue kina nini. Kisiposomwa kinaondolewa. Lakini daktari aliyepima akija akaeleza kwa mdomo alichokiona, maneno yake yanabaki. Na tangu hukumu moja maarufu ya mwaka 2006, msimamo ni kwamba ushahidi bora kwenye kosa hili ni wa aliyetendewa, mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa neno la mtoto peke yake ikiridhika anasema kweli tupu.

Deni la nyavu. Hii ndo ningeiangalia kwa makini kuliko zote. Kama alilisema kwenye utetezi wake na hakimu hakulipima, jaji atalipima yeye, mana rufaa ya kwanza ni kama kuusikiliza upya ushahidi kwa kuusoma. Kama hakulisema wilayani na hakuwauliza mashahidi wenu, kulileta leo mbele ya jaji linaonekana limepikwa njiani.

nyamagana_87

Naomba kumjibu mvuvi_igombe kwa heshima, na shangazi usinielewe vibaya, niko upande wa mtoto.

Mdogo wangu alifungwa miaka 30 kwa kosa hilihili. Alikaa Butimba miaka mitano. Hati ya mashtaka ilitaja mwezi ambao hakuwepo hata mkoani, mashahidi wakataja tarehe tofauti, mtoto mwenyewe alitaja jina lingine kwa watu wawili wa kwanza aliowaambia na hao watu hawakuitwa. Mahakama Kuu ikakataa rufaa. Mahakama ya Rufani ilipokuja kwenye kikao chake Mwanza ikabatilisha, ikaamuru aachiwe isipokuwa kama anashikiliwa kwa jambo jingine halali. Mama yetu alifariki mwaka mmoja kabla. Na yule mtoto mpaka leo aliyemdhuru hajulikani, ndo kinachoniuma, walimfunga mtu wakaacha kutafuta.

Haki ya kukata rufaa ipo ndani ya Katiba ya 1977, ibara ya 13. Tukiiondoa kwa wabaya tumeiondoa na kwa mdogo wangu.

mvuvi_igombe

Nimekusoma ndugu yangu. Nimeandika kwa hasira, nina mabinti watatu. Pole kwa mama.

mama_wawili_buhongwa

Dada shangazi mimi nimepita hapohapo ulipo, binti yangu alikuwa na miaka 9 na mtu alifungwa maisha akakata rufaa. Nilikosea kitu kimoja, nilijadili rufaa na dada zangu sebuleni nikidhani mtoto kalala, kumbe anasikia. Akaacha kula, akaniuliza "mama kwani hawakuniamini?" Mpaka leo lile swali liko kifuani. Ikabidi nimkalishe nimueleze kwamba jaji hakatai maneno yako, jaji anasoma tu daftari la yule hakimu kuona kama kaandika vizuri. Hapo akaelewa, mana shuleni madaftari yanakaguliwa. Usimfiche kabisa mana huko kisiwani ataambiwa na watoto wenzake, ila asikie kwako kwanza.

Siku ya rufaa nilienda mwenyewe. Nilijua wakili wa serikali hatanitazama, akanitazama, akaniuliza mtoto anaendeleaje. Kwenye ile hukumu jina la mtoto hawakuliandika, wamemuita mhanga tu. Rufaa ilikataliwa.

shangazi_visiwani

Nasoma huku nalia jamani, Mungu awabariki. Mama Buhongwa hilo la daftari nitalitumia.

Wakili, mama yake alisema umri, nakumbuka kabisa, alitaja na mwaka, na kadi ya kliniki alikuwa nayo mkononi. Ahadi sijui kama iliandikwa, sisi tulitolewa nje mtoto alipoongea. Na deni la nyavu sikumbuki kulisikia hata siku moja. Lakini naomba kuuliza, kama jaji akikuta kasoro, ndo anatoka tu hivyohivyo? Na ile barua je, wakituletea tena wakiwa na mwenyekiti?

wakili_kando_ya_ziwa

Sio hivyohivyo tu. Jaji anaweza kukataa rufaa, anaweza kuikubali na kumwachia, anaweza kubadili adhabu au kosa likawa dogo zaidi, na anaweza kuamuru kesi isikilizwe upya mbele ya hakimu mwingine. Hili la mwisho ndilo litakalomrudisha mtoto kizimbani, sitakuficha. Lakini haliamriwi ovyo, msimamo tangu mwaka 1966 ni kwamba kusikiliza upya ni pale kesi ya kwanza iliendeshwa na kasoro kubwa ya kisheria, sio kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba matobo yake. Na upande utakaoshindwa, awe yeye au Jamhuri, unaweza kwenda Mahakama ya Rufani, notisi ni siku 30, ila huko wanaangalia zaidi hoja za kisheria, mambo ya ukweli yaliyokubaliwa na mahakama zote mbili za chini hawayagusi kirahisi.

BARUA MSIANDIKE. Hata aje mwenyekiti, hata aje sheikh au padri. Kesi sio yenu tena, ni ya Jamhuri, nyie hamna mamlaka ya kuifuta na jaji anasoma jalada la wilayani, hasomi barua za sebuleni. Itakachofanya hiyo barua ni kumharibia mtoto jina kama ikitokea kesi kusikilizwa upya. Andikeni tarehe aliyokuja, nani alikuwepo, hela kiasi gani, mkaripoti dawati la jinsia na watoto polisi. Alafu uende Ofisi ya Taifa ya Mashtaka hapa Mwanza na namba ya kesi ya wilayani, uwaambie wewe ni nani, uwaeleze na hilo la mjomba. Namba ya rufaa na tarehe utaipata.

karani_mstaafu

Na mtoto akihitaji mtu wa kuongea nae, 116 ni simu ya bure ya watoto, hata wewe unaweza kupiga.

shangazi_visiwani

Wakuu narudi kuwapa mrejesho. Nilivuka jana na meli ya asubuhi, nikalala kwa binamu Pasiansi. Dawati la jinsia nimeandikisha maelezo, la mjomba wamelichukua. Ofisi ya mashtaka nimepewa namba ya rufaa, nimeambiwa jalada la wilayani limeshafika Mahakama Kuu na kusikilizwa ni mwezi ujao, nitakuja peke yangu. Yule wakili wa serikali ni dada mdogo tu, alifungua nakala ya mwenendo mbele yangu akaniambia ahadi ya mtoto ipo, imeandikwa kwa maneno yake mwenyewe. Akanisomea. "Naahidi kusema kweli, sitadanganya." Nikaisikia sauti yake kabisa.

Sasaivi niko bandarini nasubiri meli ya kurudi. Nimemnunulia daftari la nyimbo za kwaya.