Nukta tisa chini ya mstari, zote ndani ya mipaka: niseme au ninyamaze?

Binti_Makorora

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za kazi.

Niko Ontario, Kanada, mwaka wa tatu huu, fundi wa maabara ya kemia kwenye kinu cha nyuklia (jina la kinu tuliache). Muda wangu mwingi unaishia chumba cha kuhesabia: maji ya mtambo, matangi yanayosubiri ruhusa ya kumwagwa, vichujio vya mkaa vinavyonasa iodini kwenye mabomba ya hewa. Tritiamu, ambayo ndiyo donda ndugu la vinu vya huku kwa sababu ya maji mazito, ina mashine yake nyingine na leo haihusiki. Nazungumzia ditekta za jemaniamu, mashine zinazohesabu mionzi ya gama na kuipanga kwa nishati yake. Tunazo nne, kila moja imefungiwa ndani ya ngome ya madini ya risasi, imepoozwa kwa nitrojeni ya kimiminika.

Kila alfajiri kabla sijagusa sampuli yoyote naweka kisahani cha kujipimia kwenye kishikio, sentimita 10 juu ya uso wa ditekta, nahesabu dakika kumi. Ndani ya kisahani kuna amerisiamu-241, sisiamu-137 na kobalti-60. Aliyewahi kununua pweza soko la Deep Sea pale Tanga atanielewa: ni lile jiwe la kilo ambalo muuzaji makini analipandisha kwenye mizani kabla ya mteja wa kwanza.

Sasa shida. Kwenye grafu kila kimoja kinachora kilele chake, na hesabu zake naziweka kama nukta kwenye chati ya kila siku. Kilele cha sisiamu kwenye ditekta namba 3 wastani wake ni hesabu 41,200, sigma moja (kiasi cha kawaida cha kuyumba) ni 330. Sigma mbili ni mstari wa onyo, sigma tatu unasimamisha ditekta. Siku tisa mfululizo nukta zote zimeangukia chini ya wastani. Siku moja ilisoma 40,350, ikavuka onyo. Nikarudia kama utaratibu unavyotaka, ikaja 40,810, ikapita. Ukizijumlisha tisa zote wastani wake ni kama 40,750. Upana wa kilele ni mzuri, keV 1.9 kwenye kobalti (keV ni kipimo cha nishati ya mionzi), na vilele vyote vimekaa mahali pake.

Nikampelekea msimamizi. Ni mtu mwema, ameanza kazi hapa mimi sijaingia hata darasa la kwanza. Akaitupia chati jicho kama mtu anayetazama saa ukutani: "Iko ndani ya mipaka, endelea." Nimeendelea, lakini kila asubuhi nikiiona ile nukta chini ya mstari roho inanisuta. Niseme tena, au nitaonekana mjuaji?

Chui_wa_Kariakoo

Dada mimi ningeuliza kingine: huogopi? Siku tisa mionzi haieleweki na wewe upo humo humo! Omba uhamisho, pesa zipo tu.

Binti_Makorora

Kaka Chui, umenichekesha usiku huu wa baridi. Kinachonikosesha amani ni hesabu kupungua kwenye kioo, haijazidi. Na kisahani chenyewe ni kidhaifu. Nikiacha mlango wa ngome wazi bila kuweka kitu, cha kwanza kuchomoza ni kilele cha keV 1461, potasiamu-40 ya kwenye zege la ukuta. Hiyo hata wewe unayo mwilini, na ndizi uliyokula inayo.

Fundi_Salim

Dada pole na zamu. Mimi niko idara ya tiba nyuklia, hospitali moja hapa Uingereza. Kabla ya kumtafuta mchawi, tazama kalenda. Jiwe lako la kilo linayeyuka. Kobalti-60 nusu-uhai wake, yaani muda wa nusu yake kuoza, ni miaka 5.27, kwa hiyo kila mwezi inapoteza kama asilimia 1.1. Sisiamu ni miaka 30, inapoteza asilimia 2.3 kwa mwaka. Amerisiamu ni miaka 432, hiyo utazeeka wewe kabla yake.

Nasema hivyo kwa sababu yalitukuta. Tuna kipimo cha dozi tunachokiangalia kila asubuhi kwa sisiamu, na kwenye ukuta kulikuwa na jedwali la namba inayotarajiwa. Mashine ikawa inasoma chini kidogo, chini kidogo, watu wanaandika "sawa". Kumbe jedwali lilikuwa la mwaka uliopita, hakuna aliyelibandua. Mashine ilikuwa nzima kabisa, karatasi ndiyo ilichelewa.

Tarehe ya rejea kwenye programu yenu, ile ya kuanzia kuhesabu kuoza, ni ile iliyo kwenye cheti cha kisahani?

Binti_Makorora

Ahsante Salim. Nimeikagua, ni ile ile ya kwenye cheti, saa na dakika vimo. Programu inarudisha hesabu nyuma yenyewe mpaka tarehe hiyo, kuoza kumeshafidiwa. Halafu kuoza hakuanzi ghafla Jumanne. Hizi nukta kabla ya siku ya kwanza zilikuwa zinaruka juu na chini kama kawaida, kisha zikashuka ngazi moja zikabaki huko.

Mzee_wa_Arusha

Marahaba binti yangu. Nimestaafu, lakini miaka mingi nilikuwa nakalibreti vipimo vya mionzi vya watu wengine, na mambo haya bado yananiwasha.

Hilo la mwisho ulilosema, kushuka ngazi moja na kubaki, ungelianza nalo. Chati hizi alizichora Shewhart wa Marekani mwaka 1924, na tangu zamani watu wanaozitumia hawaangalii mipaka peke yake. Nukta moja kutoka nje ya sigma tatu kwa bahati tu, utaiona kama mara 3 katika 1,000. Nukta tisa mfululizo upande mmoja wa wastani? Rusha shilingi mara tisa uone lini itaangukia sura ile ile zote tisa. Ni mara 1 katika 256. Kila nukta yako ikihojiwa peke yake haina kosa, ndiyo maana msimamizi wako hakuona kitu: alizihoji moja moja.

Lakini usirudi kwake na hesabu za bahati. Leta kwanza habari ya vilele vingine viwili, umetutajia sisiamu tu. Kisahani chenye vitu vitatu kimetengenezwa hivyo kwa sababu. Kobalti ikishuka peke yake, sikiliza ya Salim. Amerisiamu ikishuka peke yake, mionzi yake ni dhaifu, keV 59.5, hata ukoko kidogo njiani unaila. Na jemaniamu ikikaa muda mrefu bila baridi ngozi yake iliyokufa (tabaka la juu lisilohesabu mionzi) inanenepa, hapo amerisiamu ndiyo inayolia ya kwanza. Vyote vitatu vikishuka kwa kiasi kinachokaribiana, chukua rula.

Na fungua daftari la zamu la siku ile ya kwanza. Nani aligusa nini?

Binti_Makorora

Mzee, nimeketi na daftari saa nzima. Wastani wa siku zile tisa:

Amerisiamu ilikuwa 26,500, sasa 26,060. Asilimia 1.7 chini.
Sisiamu 41,200, sasa 40,750. Asilimia 1.1.
Kobalti, kile kilele cha 1332, ilikuwa 18,900, sasa 18,700. Asilimia 1.1 pia.

Na kwenye daftari, zamu ya usiku kabla ya siku ya kwanza, mwandiko wa mtu mwenye haraka: "Kofia ya D3 imebadilishwa, ya zamani ilipasuka." Kofia tunaita kile kifuniko cha plastiki kinachovalishwa kichwa cha ditekta ili tone la sampuli likimwagika lisichafue chuma. Nimeipita hiyo sentensi mara tatu bila kuisoma.

Fundi_Salim

Plastiki? Plastiki nyembamba haili asilimia moja ya kobalti hata kidogo.

Mzee_wa_Arusha

Salim uko sahihi, haili. Lakini kishikio kinakaa juu ya nini, binti? Kama kinakaa juu ya hiyo kofia, kofia nene imekiinua kisahani. Umbali ukiongezeka hesabu zinapungua kwa mraba wake, na umbali unaohesabika unafika mpaka katikati ya jemaniamu kwa ndani, tuseme sentimita 13 na ushee. Nusu milimita tu inakula kama robo tatu za asilimia kwenye vilele vyote sawasawa. Kinachobaki ndicho kilicholiwa na plastiki yenyewe, na ndiyo maana amerisiamu imeumia kuliko wenzake. Namba zako zimekaa kama mtu kazipanga.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hili ndilo linalonifanya niandike usiku. Mtasema asilimia moja si kitu, na kwa tangi la maji ni kweli, mashaka ya kipimo chenyewe yanaweza kuwa asilimia tano au zaidi. Lakini kisahani kinapimwa kwa sentimita 10. Vichujio vyako vya mkaa vinapimwa wapi?

Binti_Makorora

Vinalala juu ya kofia yenyewe. Ohoo.

Mzee_wa_Arusha

Enhe. Kule umbali mpaka katikati ni kama sentimita nne tu, na nusu milimita ile ile inauma mara tatu zaidi. Kisahani kilicho mbali kinakupunguzia ukubwa wa tatizo lililo karibu. Kwa hiyo unapomwendea msimamizi usimpelekee neno. Kapime kofia.

Chui_wa_Kariakoo

Mimi nimekuja kutania nimebaki kusoma. Kwa hiyo kofia tu?

Binti_Makorora

*(siku tatu baadaye)*

Wakubwa, ninarudi na majibu.

Kofia ya zamani ilikuwa bado kwenye pipa la taka zinazosubiri kupimwa, imepasuka ukingoni. Nilivaa glavu, nikaichukulia kipimo cha uchafu kwanza, safi, kisha nikaishika kwa kalipa: milimita 0.4. Mpya niliyoivua kichwani mwa D3: 0.9. Rangi ile ile, namba ya stoo ile ile, mkononi huwezi kuzitofautisha mpaka uzikunje. Mpya ni ngumu kama kadi ya benki.

Nilimwomba msimamizi aje asimame nami. Nilivalisha D3 kofia nyembamba kutoka akiba ya D1, nikaweka kisahani, dakika kumi. 41,150. Nikarudisha nene: 40,720. Akaniambia nirudie, nikarudia, mara tatu kila kofia, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anaweka kisahani ili asije akasema mkono wangu. Hazikuingiliana hata mara moja.

Hapo nikamwuliza kuhusu vichujio. Alinyamaza muda. Tuna kichujio sanifu cha mkaa kilichopakwa mchanganyiko wenye cheti, tunakitumia wakati wa kukalibreti tu. Akaenda kukitoa kabatini mwenyewe. Kwa kofia nene kilisoma chini ya cheti kwa asilimia 2.8.

Tumeandika taarifa ya kasoro. Vichujio vyote vilivyohesabiwa kwenye D3 tangu usiku ule vimeorodheshwa na vitarekebishwa kwa namba hiyo. Iodini-131 haikuonekana kwenye hata kimoja, kwa hiyo kinachobadilika ni kiwango cha chini tunachodai kuweza kukiona. Kinapanda kidogo, bado kiko mbali na mpaka. Maji ya matangi yameachwa yalivyo, na sababu imeandikwa.

Kuhusu kuonekana mjuaji, aliniuliza kitu kimoja tu: ni nukta ngapi upande mmoja ndipo mtu asimame? Nikamwambia wengine wanasema saba, wengine nane, wengine tisa. Akaandika nane kwenye rasimu ya utaratibu mpya, akasema tisa ni yako.

Fundi_Salim

Hongera dada. Kesho nakwenda kupima unene wa kila kitu idarani.

Mzee_wa_Arusha

Vizuri sana binti. Swali dogo: hizo nene zimekuja stoo ngapi, na D2 na D4 zimevaa ipi?

Binti_Makorora

Boksi la ishirini, Mzee. Zimetumika mbili. D2 nimeiangalia, nyembamba. D4 iko kwenye matengenezo, imefunikwa, sijaifungua. Naingia zamu saa kumi na moja.