Mrejesho: Kwa nini mtungi wangu uliacha kupoza maji

Ndugu zangu, wiki tatu zilizopita niliuliza kwa nini mtungi wa udongo nilioachiwa na bibi hapa Tanga ulikuwa umeacha kupoza maji, na leo narudi na jibu ambalo, nakiri, linanitia aibu kidogo. Mmoja wenu alitaka kujua kama niliupaka rangi. Nami nilikuwa nimeupaka rangi ya mafuta nje kote ili upendeze sebuleni. Alieleza kwamba maji hupenya polepole katika vitundu vidogo vya udongo uliochomwa hadi nje, ambako hugeuka mvuke, na mvuke huo huondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Rangi yangu, basi, ilikuwa imeziba njia yote. Nilijaribu kuikwangua bila mafanikio, nikanunua mtungi mwingine na kuuweka barazani, kivulini, panapopita upepo. Kufikia asubuhi ya pili ulikuwa umeloa nje na maji yamepoa vizuri. Siku ambazo hewa ina unyevu mwingi haupozi sana, kama mlivyonitahadharisha. Ule wa bibi umebaki sebuleni, umetiwa maua ya plastiki.