Kufunga Ziwa Tanganyika: tunalinda samaki au tunamwachia jirani?

Mpenda Hoja: Wakuu, 2024 tulifunga uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano na Burundi, Kongo na Zambia, samaki wapate kuzaliana. Ziwa la nchi nne linafungwaje kama doria hazilingani? Halafu watu wa Kigoma nao wapunguze kulialia, ziwa limewadekeza. Miezi mitatu hamwezi hata kulima?

Mwana wa Kibirizi: Tulime wapi, juu ya bati? Nina kipe cha kuvulia dagaa, nina vijana wananitegemea, nina mkopo wa taa za sola. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hafuati taa, tunakaa nchi kavu. Sisi likizo tunayo kila mwezi na hatulipwi. Wewe mwenye kiyoyozi ndiye wa kutufundisha jembe?

Mpenda Hoja: Sijawahi kuwa na kiyoyozi mimi.

Bwana Takwimu: Turudi kwenye mada. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ipo Bujumbura, mkataba wake ni wa 2010 kama sikosei. Ziwa linapata joto, maji ya chini yenye rutuba hayapandi juu kama zamani, chakula cha dagaa kinapungua. Hata mkilifunga mwaka mzima, joto halifungwi.

Kasanga Boy: Mkataba ni 2003, ulisainiwa Dar. Na hiyo ya joto isiwe kisingizio cha nyavu za matundu madogo, kaka. Makokoro yanabeba hadi vitoto vya samaki kuhe ufukweni huku tunaangalia.

Ng'wana Mwanza: Mbona rahisi? Hiyo miezi mitatu kuleni dagaa wa Mwanza.

Mama Ujiji: Mwanangu, wale ni chakula cha kuku.

Ng'wana Mwanza: Shikamoo mama. Hao kuku ndio mnaowachinja Krismasi, kwa hiyo mnawala tu, mmezunguka njia.

Mama Ujiji: Marahaba. Dagaa wenu anaanikwa mchangani, ukitafuna meno yanalia kama unasaga kokoto. Wa kwetu unamkaanga na kichwa chake, mawese kidogo, kitunguu, ugali wa muhogo. Hauhitaji hata maji ya kuoshea.

Mwana wa Kibirizi: Mweleze mama!

Ng'wana Mwanza: Kwani Kigoma hamkuanika mchangani miaka yote? Vichanja vimekuja juzi tu. Na Victoria inalisha nchi nzima, nyie mnalisha sifa.

Bwana Takwimu: Jamani, mada ni ushirikiano wa nchi nne.

Mzalendo wa Sinza: Ushirikiano gani? Julai ile ile, ziwa limefungwa, nimenunua Kariakoo "dagaa halisi wa Kigoma". Walitoka wapi kama si Kongo na Burundi? Sisi tunawafugia samaki, wao wanavua.

Rumonge Juu: Burundi imekukosea nini ndugu? Na sisi tulifungiwa, mama zangu wauza ndagala, yaani dagaa, walikaa bure. Kila mada ya ziwa mwizi ni Mrundi. Sehemu yetu ya ziwa ni kama asilimia 8 tu, tungewamaliza samaki wenu vipi?

Kasanga Boy: Kwa Kongo sema ukweli, ndiyo yenye sehemu kubwa kuliko wote, na kwao Fizi kuna watu wenye bunduki. Nani atakwenda kule kukagua nyavu?

Rumonge Juu: Mimi nimetajwa, Kongo haikutajwa peke yake. Mzalendo aombe radhi kwanza.

Mzalendo wa Sinza: Radhi ya nini? Nimeuliza dagaa walitoka wapi.

Mwana wa Kibirizi: Dagaa mkavu anakaa ghalani miezi, mkuu. Matajiri walijaza magunia Aprili wakasubiri bei. Ziwa lilipofungwa wao walifungua.

Mama Ujiji: Mzalendo, hao dagaa walikuwa na rangi gani? Wembamba, weusiweusi, mchanga chini ya mfuko?

Mzalendo wa Sinza: Mchanga kidogo ulikuwepo, ndiyo. Ila walikuwa watamu sana.

Ng'wana Mwanza: Asante kwa ushahidi. Karibu soko la Kirumba, Mwanza, utapata kwa bei nafuu zaidi.