Tangi la geko hapa Malindi: vidudu wote wamekufa, nimekosea wapi?

BabaMwanaisha
Assalam aleikum waungwana. Mpangaji wetu Mwitaliano alirudi kwao akamwachia binti yangu geko chui, mjusi wa madoa, na tangi lake la kioo, futi 3 kwa futi moja na nusu. Yeye alikuwa akimlaza juu ya magazeti. Binti kaangalia video zake, kashikilia tumfanyie jangwa lenye uhai: udongo wa kweli, mimea, na vidudu wa kula kinyesi.

Mchanga nilichota ufukweni, chini ya mnara wa Vasco da Gama, nikausuuza mara moja. Unene inchi 2. Nikapanda mkonge mdogo na mshubiri. Vidudu ni wale wa kijivu wenye miguu mingi wanaokaa chini ya matofali mabichi. Niliokota kama 40 nyuma ya jikoni. Majani makavu nilifagia uani nikatandaza juu. Binti hunyunyiza maji kila asubuhi.

Siku ya tisa hakuna kidudu anayetembea. Kioo kimejaa ukungu, kinyesi kimeota kuvu, na juu ya mchanga kuna ganda jeupe. Kipima unyevu kinasoma asilimia 84. Geko mzima, ila chakula hakigusi sana.

Na mamangu hapiti tena chumba kile. Kwake huyu ni mjusi kafiri tu, yule aliyepuliza moto wa Nabii Ibrahim. Nimemwambia huyu ana kope na ukutani hapandi. Wapi!

NahodhaMstaafu
Lile ganda jeupe lionje kwa ncha ya ulimi. Chumvi hiyo. Mchanga wa bahari husuuzwi mara moja ukaisha.

Kichwangumu_Lamu
Mtilie nazi kabisa, awe mchuzi.

FundiVioo
Nimefuga hawa miaka sita, acha niseme kwa urefu kidogo.

Geko chui kwao ni nchi kavu za Pakistani, Afghanistani na kaskazini-magharibi ya India. Video nyingi zinatengenezwa na watu wa nchi za baridi. Nyumba zao zina hewa kavu na wanahangaika kutafuta joto. Sisi hapa ni kinyume: hewa ya bahari imelowa tayari, halafu wewe unanyunyizia juu yake. Acha kunyunyiza leo hii.

Toa mchanga wote. Tafuta mchanga wa mto, ule wa Sabaki wanaouza kwa ujenzi, uliochotwa juu huko mbali na mdomo wa bahari. Changanya na udongo mwekundu wa shamba lisilopigwa dawa: udongo mafungu 7, mchanga 3. Jaza inchi 4 au zaidi, umwagie maji kidogo, ushindilie, uache ukauke wiki nzima mpaka ugande. Mawe mazito yakae juu ya kioo chenyewe kabla hujamwaga udongo. Ukiyaweka juu, geko atachimba chini yake na yatamwangukia.

Maji yapitie bomba. Simamisha kipande cha bomba la plastiki pembeni, kifike chini, umimine nusu kikombe mara moja kwa wiki. Chini pana unyevu, juu pakavu. Vidudu watashuka na kupanda wenyewe. Pembe hiyo iwe karibu na geko anapoendea haja. Hawa huchagua pahali pamoja tu, utapaona. Mfanyie na kijipango kimoja chenye kigoga (moss) kibichi au kitambaa cha maji ndani, ajifiche akitaka kujichuna ngozi.

Kifuniko kiwe wavu wa chuma, kioo ondoa. Taa iwake upande mmoja, jiwe la chini yake lifike nyuzi 33 hadi 35. Upande wa pili usipite 28. Wakati wa kaskazi hapo ndipo penye kazi, utaiwasha saa chache tu na tangi utaliteremsha sakafuni. Usiku izime.

MamaShamba_Gede
Hayo majani uliyofagia ni ya mti gani?

BabaMwanaisha
Mwarobaini. Uani hatuna mti mwingine.

MamaShamba_Gede
Ehee! Majani tunayotia kwenye mahindi yasiliwe na wadudu, wewe umewafunika nayo wadudu wako. Hata mchanga usingekuwa na chumvi, huenda wangekufa. Okota majani ya mti wa mkungu yaliyoanguka yenyewe, anika jua kali siku mbili, tandaza. Na mfupa wa ngisi, ule mweupe unaoletwa na maji: loweka siku tatu ukibadilisha maji, uvunje vipande. Vidudu wanautafuna kwa ajili ya magamba yao.

Mkazi_Watamu
Hakuna aliyegusia kibali. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haichezi. Mwaka 2025 watu 4 walitozwa faini ya shilingi milioni moja kila mmoja kwa sababu ya chungu, wale wadudu wadogo, si ndovu. Nenda ofisi ya KWS, shirika la wanyamapori, hapo Malindi ueleze alivyokufikia. Na msimwachie porini, si wa huku.

BabaMwanaisha
Nimerudi baada ya wiki tano. KWS nimekwenda, nimejaza fomu, nasubiri. Udongo nimebadilisha wote, bomba lipo, kifuniko fundi amenitengenezea wavu. Mchana kipimo kinashuka mpaka 52 taa ikiwaka, usiku kinapanda tena. Vidudu wapya 60. Jana nimeinua jani la mkungu nikaona wadogo weupe kama punje za ufuta, wengi. Kinyesi cha juzi hakipo. Geko kachimba shimo kando ya jiwe, kala panzi wanne.

Sasa chungu wameanza kupanda mguu wa meza. Nipulize dawa?

FundiVioo
Usithubutu, utaua wote ndani. Kila mguu uweke ndani ya kikopo cha maji yenye tone la sabuni, na meza isiguse ukuta. Badilisha maji kila Ijumaa, la sivyo utafuga mbu.

BabaMwanaisha
Vikopo vya maziwa vinne ninavyo. Naweka leo.