Nyimbo za Wanyamwezi na nota za kwaya katika katalogi ya maktaba ya chuo kikuu

Mwalimu wa Ipuli, Tabora

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu nyimbo za wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kutoka huku kwetu hadi Bagamoyo katika karne ya 19. Kwa kuwa maktaba ya chuo iko mbali, hutafuta kwanza katika katalogi yake ya mtandaoni kabla sijakata tiketi ya treni. Nilipoandika "nyimbo za wapagazi" sikupata hata kitabu kimoja, na nilipoandika "Nyamwezi music" nilipata vitatu, viwili vikiwa vya historia tupu. Kinyume chake, nilipotafuta nota za Messiah ya Handel kwa ajili ya kwaya ninayoifundisha, nilizidiwa na orodha ndefu ya santuri, diski na vitabu vya maisha ya mtunzi. Je, maktaba haina ninachokitaka, au ni mimi nisiyejua kuuliza?

Mkutubi Mstaafu, Kigoma

Mwalimu, katalogi haisomi kurasa za vitabu, bali husoma maelezo mafupi yaliyoandikwa na mkutubi: mtunzi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka na mada. Vyuo vingi huandika mada kwa Kiingereza kwa kufuata orodha ya Library of Congress, yaani Maktaba ya Bunge la Marekani, ambamo jina la kabila hutangulia na neno Music hufuata. Basi chagua utafutaji wa mada, andika Nyamwezi peke yake, kisha upitie kinachojitokeza. Rudia kwa Wanyamwezi na Unyamwezi, kwa sababu waandishi wa zamani, hasa Wajerumani, waliliandika jina pamoja na kiambishi chake.

Hili la kiambishi si dogo kwa utafiti wako. Mwaka 1909 mtafiti wa muziki Erich von Hornbostel alichapisha kwa Kijerumani uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi katika jarida la Anthropos, juzuu ya 4. Hata kama jarida hilo liko rafuni, huwezi kuipata makala yake kwa kuandika jina la makala, maana katalogi huorodhesha jarida zima na kuishia hapo. Tafuta jina la jarida, kisha uangalie maktaba inazo juzuu za miaka gani.

Kuhusu Handel, punguza matokeo kwa kuchagua aina ya nota zilizochapishwa. Kama maktaba yako inatumia mpangilio wa Library of Congress, herufi M ni nota zenyewe, ML ni vitabu kuhusu muziki, na MT ni mafunzo. Kwaya yako inahitaji kilichoandikwa "vocal score", chenye sauti zote za waimbaji huku sehemu ya okestra ikiwa imefupishwa kwa ajili ya kinanda. Kile cha "miniature score" ni cha kusomea mezani. Nimewaona walimu wa kwaya wakikiazima kwa furaha, wakakirudisha kesho yake wakilalamikia macho.

Mpiga Kinanda, Ujiji

Kwa heshima zote, Mzee wangu, mimi singeanza na mada. Maelezo mengi ya vitabu vya zamani yaliingizwa kwenye kompyuta kwa haraka, bila mada yoyote. Mwalimu aanze na maneno ya kawaida, akipata kitabu kimoja kinachofaa afungue maelezo yake yote, kisha abonyeze mada zilizoandikwa humo.

Nyongeza: kazi nyingi za muziki huwekwa chini ya jina lake katika lugha ya awali. Uumbaji wa Haydn utaukuta pia chini ya jina lake la Kijerumani, Schöpfung, na misa za Mozart hukusanywa chini ya neno Masses, zikitofautishwa kwa namba ya Köchel, yaani ya orodha ya kazi za Mozart, kama K. 317.

Mwalimu wa Ipuli, Tabora

Nawashukuru nyote. "Vocal score" ya Handel nimeiona, nakala mbili, zote ziko rafuni. Anthropos nayo imo, ila maelezo yanaonyesha kuwa juzuu za mwanzo hazipo.

Mkutubi Mstaafu, Kigoma

Ingia JSTOR, hifadhi ya majarida ya mtandaoni, kwa akaunti ya chuo, jarida hilo limo. Na Mpiga Kinanda amenisahihisha vyema kuhusu maelezo ya zamani. Baadhi yake niliyaingiza mimi mwenyewe.