Mjadala: Benz na BMW za mtumba, tuweke kikomo cha miaka kama Kenya au kila mtu abebe msalaba wake?

Kipara wa Tabata
Wadau habari za jioni. Naomba tulijadili hili bila matusi. Jirani yangu aliagiza BMW E90 320i ya 2008 toka Japani, bei yake mpaka bandarini ilikuwa chini kuliko Toyota Mark X ya mwaka huohuo, mtaa mzima ukaanza kuulizia. Ikafika, akalipa ushuru, akaitembelea kwa raha zake, leo ipo uani chini ya turubai, gia boksi imegoma. Na si yeye peke yake, pita Tabata, Kimara mpaka Goba uone Benz za W203 na W211 zilizokaa mpaka tairi zimeisha upepo. Wenzetu Kenya gari likizidi miaka 7 haliingii kabisa. Sisi linaingia la mwaka wowote, TRA wanachofanya ni kuongeza ushuru wa uchakavu basi. Mimi nasema hizi sedani za Kijerumani ziwekewe kikomo, tunatoa dola nje kununua gari ambazo wenyewe wameshazichoka. Mnasemaje?

Namba D
Kipara, jirani yako kashindwa gari, serikali inaingiaje hapo? Hebu piga hesabu ya anachotozwa mtu sasa hivi, ushuru wa forodha 25%, VAT 18%, ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, halafu ikifika miaka 8 unaongezewa 15% ya uchakavu na ikizidi 10 inakuwa 30%. Bado unataka marufuku? Mimi natembelea Benz W204, C200 Kompressor, Krismasi naenda nayo Moshi na kurudi, kiyoyozi kinapuliza, familia inalala nyuma. Tatizo letu mtu akiona mwenzie anaendesha Benz anatafuta pa kumshikia.

Pwani Moja Mombasa
Kipara nikurekebishe, ni miaka 8 si 7, na inahesabiwa toka gari liliposajiliwa mara ya kwanza. Lakini msidhani imetusaidia kwa Wajerumani. C200 ya miaka 7 inashuka hapa bandarini ikiwa safi, tajiri wa Nairobi anaitumia miaka michache anauza, wa pili naye anauza, inamfikia wa tatu ambaye hana pesa ya shokapu. Kule Kirinyaga Road, Nairobi, zimejaa zinachinjwa spea. Kikomo kinaangalia siku ya kuingia tu, hakijui gari itaishia kwa nani.

Mhasibu wa Sinza
Naona mnazunguka. Ile gari ni rahisi Japani kwa sababu kule Mjerumani anashuka thamani haraka, na kila baada ya miaka miwili lazima ipite ukaguzi wao wa shaken ambao una gharama, mtu akiona mwaka huu ukaguzi utamla na spea za Kijerumani ni ghali anaitupa mnadani. Sisi tunaiona kama zawadi. Nunua kwa bei ya Mark X lakini jua spea zake zitabaki kwenye bei ya gari jipya la kifahari, hazishuki kwa sababu wewe umeinunua kwa bei ya mnada. Mwenye gari ya namna hii lazima awe na pesa imekaa pembeni, mimi ninayo na siigusi kwa harusi wala msiba. Na la pili niseme tu, magari haya wanayaua mafundi wetu. Mafundi wa Bongo wengi wanabahatisha. Gari ikichemsha kidogo dawa ni kutoa themostati, kile kifaa cha kudhibiti joto la injini, na kujaza maji ya bomba.

Fundi Gerezani
Dada mhasibu hapo umegusa pabaya. Sisi tunabahatisha? Nyie mnakujaje gereji? Gari inawaka taa ya injini, nakwambia tuiweke kwenye mashine tusome, unaniambia "aah fundi hela ya mashine ya nini, we sikiliza tu mlio". Nasikiliza mlio wa BMW yenye kompyuta kibao? Halafu spea umeshanunua mwenyewe dukani, ya bei ya chini kabisa, ikifa baada ya mwezi unarudi na ndugu zako kunidai. Oili nakuandikia 5W-30 yenye kibali cha BMW, unarudi na dumu la oili namba 40 kwa sababu shemeji yako ndiyo anaweka kwenye Fuso. Zile Vanos, mfumo wa BMW wa kurekebisha muda wa vali, zinafanya kazi kwa presha ya oili inayopita kwenye vitundu vidogo, ukiweka oili nzito unategemea nini? Fundi ndiye kaua?

Mzee wa Crown
Haya mambo ya Toyota yapo wazi, Crown yangu oili na plagi basi, spea kila kona mpaka Tunduma. Na wewe dada mhasibu, kwa heshima, mambo ya injini tuachie sisi, ubaki kwenye hesabu zako.

Mhasibu wa Sinza
Mzee shikamoo. Nimekuamkia kwa umri wako lakini hilo sikubali. E90 yangu naijua. Ukifungua boneti upande wa chujio la oili kuna kizimba cha aluminiamu, gasketi yake ikikauka oili inavuja inadondokea mkanda, na mkanda ukilowa ukakatika kwenye zile injini zao za silinda sita unaweza kufyonzwa ukaingia ndani kupitia sili ya mbele ya krenki. Niliona unyevu nikaenda kubadilisha kabla ya yote hayo. Wewe Crown yako gasketi gani imeshawahi kukuvujia ukaijua jina? Kama una hoja leta hoja, mimi ni mhasibu na gari ni langu na pesa ni yangu.

Namba D
Mzee wa Crown hapo omba radhi tu mzee wangu. Na hilo la Toyota "oili na plagi basi" si kweli. Mark X na Crown za 2.5 zenye injini ya 4GR zinanyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kaboni inajaa kwenye vali za kuingizia hewa, gari inaanza kutetemeka ikiwa imesimama. Watu wanazunguka nayo mwaka wanabadilisha koili. Ila kwa sababu ni Toyota hamsemi imeharibika, mnasema "inahitaji sevisi".

Mzee wa Crown
Marhaba binti. Sikuwa na nia ya kukuvunjia heshima, lakini mkiona mzee ametoa neno msirukie wote. Nimeendesha magari kabla Namba D hajazaliwa. Peugeot 504 nimeipeleka Songea barabara ikiwa ya vumbi.

Baharia Sharjah
Naandika toka Sharjah, huku kwenye maeneo ya viwanda spea za Wajerumani zilizotolewa kwenye gari za ajali ni nyingi mno, injini nzima, gia boksi, milango, taa. Wabongo na Wakenya wanajaza makontena kila wiki. Lakini angalieni, gari za huku zimepigwa jua, mipira na plastiki zake zimekauka. Mie mtu akinambia nimtumie tangi la kulanti (maji ya kupozea injini) la BMW lililotumika namkatalia, hiyo nunua mpya, plastiki ile ikishakaukia kwenye joto inapasuka siku usiyoitaka, na injini ile ikichemsha mara moja tu silinda hedi inaweza kupinda. Gia boksi, taa, komputa, hizo chukueni zilizotumika. Mpira na plastiki hapana.

Fundi Gerezani
Baharia umesema ukweli mtupu. Sasa narudi kwa dada mhasibu maana la themostati halijaisha. Ni kweli wapo wanaotoa. Ila aliyeanza kutoa ni nani? Mteja gari imechemsha Chalinze, anataka alale Morogoro leo, themostati mpya haipo, anakwambia fundi nifanyie chochote nifike. Unatoa. Akishafika anasahau, anatembea nayo hivyohivyo, injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani bado asubuhi inaongeza mafuta, mwezi ujao anakuja kulalamika inakunywa. BMW za miaka ile zimepangwa zitembee na joto kubwa, zaidi ya nyuzi 100, kazi ile inafanywa na themostati yenye umeme inayosikiliza kompyuta. Sisi tunajua. Mteja ndiye hataki kurudi.

Mhasibu wa Sinza
Kwa hiyo wewe fundi unayejua madhara unatoa kwa sababu mteja kasema, na bado kosa ni la mteja? Daktari akiambiwa na mgonjwa nikate mguu nifike Morogoro atakata? Na hujaandika popote kwamba themostati imetolewa, gari inauzwa, anayenunua hajui, ndiyo inaishia chini ya turubai kama ya jirani yake Kipara. Gereji moja niliyopita nikiulizia kubadilisha betri, jamaa akatoa ya zamani akaweka mpya akafunga boneti. Nikamuuliza huiandikishi kwenye kompyuta ya gari? Akacheka. E90 inajua umri wa betri yake, usipoiambia umeweka mpya inaendelea kuichaji kama ile kuukuu.

Kipara wa Tabata
Wadau turudi kwenye mada, kikomo cha miaka.

Pwani Moja Mombasa
Kipara mada ndiyo hii sasa. Kikomo cha miaka bila mafundi waliosoma ni bure, sisi tunacho na gari bado zinakufa.

Stuttgart Kwetu
Mimi naishi huku zinakotengenezwa na niwaambie kitu kimoja. Teksi za huku nyingi kwa miaka yote ilikuwa Mercedes E dizeli, zile za rangi ya krimu, zinapiga kilomita laki tatu, laki nne, dereva hana habari. Kwa hiyo msiseme gari ni bovu. Ila zile zinafanyiwa sevisi kwa ratiba, na kila gari ya mtu binafsi inapita ukaguzi wa TÜV kila baada ya miaka miwili, bushi imechoka hupiti mpaka ubadilishe. Halafu jambo la gia boksi ya jirani: BMW waliandika oili ya gia boksi ni ya maisha yote, lakini ZF, kiwanda kinachowatengenezea BMW gia boksi nyingi, wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Muulizeni jirani kama iliwahi kuguswa.

Kipara wa Tabata
Nimemuuliza leo asubuhi. Anasema aliambiwa na aliyemuuzia oili kwamba ile ya gia boksi haibadilishwi, imefungwa kiwandani. Sasa nauliza, nani anamlinda mtu kama huyu? Kama si kikomo cha miaka basi mafundi wasajiliwe, kila fundi awe na cheti cha ufundi cha VETA na cha aina ya gari anayogusa.

Fundi Gerezani
Mimi cheti cha VETA ninacho na nimekiweka ukutani. Mtu anaingia anapita mbele ya cheti anaenda kwa kijana wa chini ya mwembe kwa sababu ni bei poa. Sajilini tu, na mteja naye asajiliwe. Na hao wanaouza spea feki mbona hamuwataji? Nionyesheni mteja anayejua kutofautisha. Wishboni, ule mkono unaoshika tairi, ya Lemförder halisi, kiwanda kilekile kinachowatengenezea BMW, ukiigeuza utakuta sehemu ilipokuwa nembo ya BMW imesagwa, alama ya kusagwa inaonekana. Feki ina stika nzuri na boksi zuri, ukiishika mpira wake mgumu, matuta ya wiki mbili umekwisha.

Namba D
Mie nilitaka kusema nakubaliana na usajili ila kwa hiyari. Usajili ukilazimishwa bei ya ufundi itapanda na sote tutalia humu.

Mhasibu wa Sinza
Bei ipande. Fundi aliyesoma alipwe, aandike kwenye karatasi alichofanya, aina ya oili, namba ya spea, kilomita, aweke sahihi. Uingereza kwa mfano unaingia mtandaoni unaandika namba ya gari unaona historia yote ya ukaguzi wao wa MOT, kilomita za kila mwaka na alichofelishwa, bure. Gari za kule nazo usukani kulia, wanaoagiza toka huko wanaanza na huo ukurasa, kisha wanaangalia kutu kwa ajili ya chumvi ya barabarani. Hapa kwetu mtu akikuuzia anakwambia "ilikuwa ya mama mmoja mzungu".

Mzee wa Crown
Hilo la karatasi naliunga mkono, hata kwa Toyota.

Kijana Mgeni
Wakubwa shikamooni. Mimi nimeshalipia Benz C180 ya 2011, ipo melini. Sasa mnanitisha. Nifanyeje?

Namba D
Usitishike. Hiyo ni W204 kama yangu, nzuri sana.

Fundi Gerezani
Namba D acha kumdanganya kijana. Ni nzuri, lakini ina ugonjwa wake. Mdogo wangu, hiyo ina injini M271 ya turbo. Ikitoka bandarini ilale mahali usiku kucha, asubuhi asimame mtu mbele boneti ikiwa wazi, mwingine awashe. Sikiliza sekunde mbili tatu za mwanzo. Ikitoa mkwaruzo krrrr halafu ikanyamaza, ile ni gia ya kamshafti na cheni ya taimingi. Usianze safari ya Mwanza, usianze hata ya Bagamoyo. Tunafungua kifuniko cha juu tunaangalia meno ya ile gia, yakiwa yamelika tunabadilisha gia na cheni kwa pamoja, maana cheni ikiruka jino vali zinapiga pistoni na hapo utaagiza injini kwa Baharia. Isipotoa mlio, badilisha oili yote, ya injini na ya gia boksi na chujio zake, weka yenye kibali cha Mercedes 229.5 kwenye injini, badilisha kulanti, usimsikilize mtu wa maji ya bomba. Hiyo pesa ya sevisi itenge leo kabla hujalipa ushuru.

Mhasibu wa Sinza
Na akuandikie kwenye karatasi.

Fundi Gerezani
Nitamwandikia dada. Na wewe ukija lete E90 yako niangalie kazi ya huyo aliyekubadilishia gasketi, oili ikidondokea mkanda mara moja na mkanda unabadilishwa, sijui kama alikwambia.

Mhasibu wa Sinza
Aliniambia, na mkanda aliubadilisha. Karatasi ninayo.