Dada ana kilo zaidi ya 150, hospitali haina hata mzani wa kumpima!

Wakuu, nimetoka kliniki na dada sasa hivi, hasira zimenijaa hadi mikono inatetemeka.

Mzani wao unaishia kilo 150. Leo nesi katamka mbele ya foleni nzima: "Mpelekeni akapimwe kwenye mzani wa magunia." Mama wa watoto watatu huyo! Dada aliinamisha kichwa, hakusema neno mpaka tunashuka Mbagala.

Jumatatu kliniki ya sukari, Jumatano presha, Ijumaa magoti. Kila mlango tunaanza kujieleza upya, na jibu ni lilelile: "Apunguze kula." Kapunguza! Mwaka wa pili huu usiku hali wali. Akilala anakoroma, pumzi inakata, anashtuka kama mtu aliyeibuka majini. Nimelisema hilo kliniki zote tatu, kila mmoja anasema si idara yake.

Presha ndiyo iliyotaka kumuua. Mkanda wa kawaida hauenei mkono wake, wanaulazimisha hivyohivyo. Mkanda ukiwa mdogo, presha inasomeka juu kuliko ilivyo. Wakamwongezea dawa kwa kipimo hicho, akawa anaanguka kwa kizunguzungu, hadi daktari mmoja kijana (Mungu ambariki) alipokwenda kuutafuta mkanda mpana.

Unene wa namna hii, BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ikishavuka 40, ni ugonjwa. WHO wanauita ugonjwa sugu. Sasa mbona wenye VVU tuliwawekea kliniki zao maalumu, CTC: faili moja, tarehe moja, ushauri, vipimo na dawa hapohapo? Kumbe tunaweza! Wekeni siku moja kwa wiki, mtaalamu wa lishe, daktari wa homoni, wa usingizi na wa upasuaji wamwone mgonjwa pamoja. Mzani wa kilo 300, kitanda imara, kiti kisicho na mikono. Na zahanati ya mtaani ijue rufaa inakwenda wapi.

Msiniambie hospitali ya Mloganzila wanaweka puto tumboni ili mtu ashibe haraka na kupungua. Najua. Puto linakaa miezi kisha linatolewa, na asipofuatiliwa uzito unarudi. Nani atamfuatilia?

Kuna yeyote hapa Dar ambaye mgonjwa wake anashikwa na timu moja? Tafadhali njoo PM. Jumatano ana kliniki, na ameniambia harudi tena pale.